Palmer Aliulizwa Mara Moja

Watu wa Kaunti ya Hadland walimsifu Avis Rognlie kwa upole, na sifa hiyo ilimuudhi kuliko tusi. Upole gani? Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyeshindana na usukani maisha yake yote, na kifuani mwake hasira ilikaa kama makaa chini ya majivu. Haikuonekana, lakini weka mkono uone. Hakuwahi kumfokea mtu. Katika kaunti ile hakuna aliyemfokea mtu. Mwanamume akikasirika alikwenda ghalani kupanga upya spana zake. Mwanamke akikasirika alioka keki akaipeleka kwa yule aliyemkasirisha. Avis alipanda greda.

Greda lilikuwa mali ya kaunti. Kiangazi alisawazisha nalo barabara za changarawe, na majira ya baridi alisukuma theluji ili watu watoke majumbani mwao. Kazi hiyo aliianza mwaka ule mumewe, Curtis, alipokufa ghafla juu ya trekta wakati wa mavuno, akamwachia watoto wawili na shamba ambalo peke yake asingeweza kulilima. Kaunti ilikuwa inatafuta dereva na haikumpata, kwa kuwa vijana wote walikuwa wameshaondoka. Siku ya kwanza aliyoingia kwenye banda la mashine, msimamizi wa barabara, Darrel, alimtazama toka viatuni hadi kofiani.

"Mama, hii si cherehani."

"Najua," alisema Avis. "Cherehani inanitisha."

Wanaume walicheka, wakampa greda bovu kuliko yote, lile ambalo hita yake ilichoma mguu mmoja na kuuacha mwingine ugande. Aliliendesha mpaka likafia mikononi mwake, akapewa jingine. Wale waliocheka walistaafu mmoja mmoja, au walikwenda kuzikwa, na hakuna aliyekuja kushika nafasi zao. Mwishowe akabaki yeye na Darrel.

Alizaliwa katika tarafa ya Viken, kaskazini kabisa mwa kaunti, ambako upepo hauna cha kujigonga. Babu yake alifika pale kutoka Norwei akiwa na sanduku moja na mke aliyelia njia nzima. Reli ilikuwa imetangulia. Wenye reli ndio walioipanda ile miji midogo kandokando ya njia yao na kuipa majina ya binti zao, na ndio waliowatangazia maskini wa Ulaya kwamba mvua hufuata jembe. Watu waliamini. Wakaja Wanorwei, wakaja Wajerumani waliotoka Urusi, wakajenga nyumba za matofali ya udongo na majani, kisha za mbao, kisha makanisa mawili mahali palipotosha moja, maana hawakupatana ni nani hasa ataingia mbinguni. Kabla yao nchi ile ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili. Serikali iliwaondoa, na jambo hilo halikuzungumzwa mezani kwa mtu yeyote. Lilikuja juu lenyewe kila majira ya kuchipua, kwa umbo la vichwa vya mishale ambavyo watoto waliokota kwenye mashamba yaliyolimwa karibuni.

Wakati mmoja sensa ilikuta zaidi ya watu elfu tisa Hadland. Haikuwakuta tena. Kila sensa iliyofuata ilikuwa kama kuhesabu kuku baada ya kicheche kupita. Miaka ya vumbi iliondoa watu, vita ikaondoa wengine, na trekta zikaondoa waliobaki, kwani shamba lililolimwa kwa mikono ya familia kumi lilianza kulimwa na mtu mmoja aliyekaa kwenye kiyoyozi akisikiliza redio. Sasa hawakufika elfu mbili. Mtoto wa Avis wa kwanza, Kristi, alikuwa muuguzi Minneapolis. Wa pili alikuwa Texas kwenye visima vya mafuta. Hakuna aliyewafukuza. Walilelewa ili waondoke. Shuleni mtoto hodari aliambiwa, wewe utafika mbali. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia mtoto hodari, wewe utabaki.

Katika nyumba ya kina Avis pale Viken hakikusalia kitu ila kichaka cha maua ya zambarau ambayo mama yake aliyapanda karibu na mlango. Kila Mei kichaka kilichanua mbele ya mlango usiokuwapo. Ilikuwa hivyo tarafa nzima, ukiona maua ya zambarau katikati ya ngano ujue hapo palikuwa na mama wa mtu. Aliyesalia akiishi kule alikuwa mmoja tu, Palmer Ostby, mzee wa miaka themanini na nne. Palmer hakuoa. Ilisemekana aliwahi kumpenda mwalimu wa shule ya Viken, akangoja mwalimu ajue mwenyewe. Mwalimu hakujua, akaolewa Montana.

Mwanzoni mwa Septemba gazeti la wiki lilitoa tangazo la madiwani wa kaunti. Walikusudia kuzifunga barabara za tarafa ya Viken kwa kuwa hazikuwa na watu, na kutakuwa na mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi katikati ya Oktoba. Avis alilisoma akila mkate wake wa nyama ndani ya greda. Aliusoma mstari ule mara ya pili, kwamba hazikuwa na watu, kisha akaufunga mkate wake, akaenda kwa Palmer.

Palmer alikuwa jikoni. Nyumba ilinuka sabuni na kahawa iliyochemka mno.

"Msichana wa Selmer," alisema. Baba yake Avis alikwisha kufa miaka mingi, lakini kwa Palmer angebaki msichana wa Selmer mpaka azikwe. "Kahawa?"

"Hapana, napita tu."

"Iko tayari hapa."

"Usijisumbue, Palmer."

"Itamwagwa bure."

"Basi nusu kikombe."

Alimjazia mpaka ukingoni, naye akaipokea, kwa sababu alikuwa na hamu nayo tangu alipoingia. Hivyo ndivyo watu wa Hadland walivyokula na kunywa. Kukubali mara ya kwanza ni uroho. Kukubali mara ya pili ni haraka. Mara ya tatu mtu anaruhusiwa kuwa na njaa. Mgeni wa kutoka mbali aliyeulizwa mara moja akasema hapana, na akaachwa hivyo, angeondoka akisema watu wale ni wachoyo, na mwenyeji aliyeuliza mara moja tu angesemwa mpaka kanisani.

"Umesoma gazeti?" Avis aliuliza.

"Nimesoma."

"Wanataka kufunga barabara yako."

"Ndivyo walivyoandika."

"Wewe unataka nini?"

Palmer alitazama dirishani. "Septemba imeanza kavu," alisema.

"Palmer. Wakiifunga sitaruhusiwa kuja huku na greda. Theluji ikianguka nani atakufikia?"

"Nina maharage ya makopo. Na nyama ya paa kwenye friza."

"Ukianguka bafuni?"

"Nitainuka."

"Usipoinuka?"

"Basi sitakuwa na haja ya barabara."

Avis hakucheka. Mzee alizungusha kikombe chake juu ya kitambaa cha meza, akakizungusha tena. "Mpwa wangu anasema kuna chumba mjini Sorby, kwenye nyumba ya wazee," alisema taratibu. "Wana televisheni kubwa. Wanakula saa kumi na moja jioni." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. "Nilizaliwa kwenye chumba kile pale, unajua. Mama alinizaa kisha akaenda kukamua."

"Basi utasema hivyo mkutanoni?"

"Mimi?" Alimtazama kana kwamba alikuwa amemwambia acheze ngoma madhabahuni. "Sitaki watu waone ninajitanguliza."

Kutoka pale Avis alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Orrin Rognlie, mdogo wake Curtis, alikuwa mwenyekiti wa madiwani, na ndiye aliyelima karibu tarafa yote ya Viken, pamoja na shamba la Avis alilolikodi tangu kaka yake alipofariki. Mashine zake zilikuwa pana kama nyumba. Barabara iliyopita katikati ya ngano ilimlazimu kugeuza kila alipoifikia, na kila kona iliyobaki bila kupandwa ilimuuma kama jino. Avis alimkuta chini ya maghala yake ya chuma, akipaka grisi mashine ya kupandia.

"Shemeji, karibu. Mbona uso kama umemeza siki?"

"Ni lile tangazo."

"Ah, lile ni la madiwani wote. Usinibebeshe peke yangu."

"Pande zote mbili za barabara unalima wewe."

"Kuna mwingine anayetaka kulima kule? Mlete nimpe jembe." Alifuta mikono. Alikuwa mtu wa kucheka, Orrin, mtu wa kukusaidia kuvuta gari lako mtaroni bila kukwambia neno, na hilo lilifanya iwe vigumu kumchukia sawasawa. "Avis, tuseme ukweli. Tunapeleka changarawe na dizeli na wewe mwenyewe kwenda kumhudumia mtu mmoja."

"Ni mtu."

"Sikusema si mtu."

"Gazeti limesema."

Orrin aliacha kucheka. "Sikiliza. Siku ya mkutano nitamuuliza mwenyewe, mbele ya watu wote. Palmer akisema anaitaka barabara, hoja inakufa palepale. Nakuapia kwa kaburi la Curtis. Umeridhika?"

Avis aliridhika. Baadaye hilo ndilo lililomwuma kuliko yote, kwamba alirudi nyumbani ameridhika na akalala usingizi mzuri. Wiki zilizofuata Darrel alimpangia barabara za kusini, akaenda kusini bila kuuliza kwa nini.

Siku ya mkutano ukumbi wa jengo la kaunti ulijaa kwa namna ya Hadland: viti vya nyuma vyote vilikaliwa, vya mbele vyote vitupu. Kina mama wa kanisa la Kilutheri waliweka birika kubwa la kahawa na vipande vya keki kwenye meza ya pembeni, vikiwa vimefunikwa, maana hakuna aliyekula kabla ya shughuli kwisha. Palmer alikuja na koti lake la mazishi. Madiwani walikuwa watatu. Orrin alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Renae Schatz, aliyefuga ng'ombe wa maziwa na alikuwa na haraka ya kurudi kukamua. Kushoto alikaa Milo Fettig, mzee mkimya aliyechaguliwa kila mara kwa sababu hakuwahi kumkera mtu.

Orrin alieleza. Alieleza vizuri. Alisema hakuna anayefurahia. Alisema tarafa ya Viken ilikuwa na historia ya kujivunia, na kwamba madiwani wangeweka bango la kumbukumbu mahali ilipokuwa shule. Watu walitikisa vichwa polepole, kama wafanyavyo msibani.

"Kabla ya kupiga kura," alisema, "nataka nimsikie jirani yetu. Palmer, upo?"

"Nipo."

"Tukiifunga barabara hii, wewe utakuwa na neno?"

Palmer aliinuka nusu. Kofia ilikuwa mikononi mwake. "Ah, hapana," alisema. "Msijisumbue kwa ajili yangu."

"Asante, Palmer," alisema Orrin. "Nani anatoa hoja?"

Yote yalikuwa ya haraka, ya adabu, yamekwisha. Palmer alikuwa bado hajakaa. Avis alimwona akibaki vile, amekunja magoti, macho kwa Orrin, akingoja. Alikuwa anangoja kuulizwa tena. Kila mtu ndani ya ukumbi alijua anangoja nini, kila mmoja aliyewahi kumpa mwenzake kahawa, na kila mmoja alitazama viatu vyake. Na Orrin alijua kuliko wote. Alilelewa na mama yule yule aliyemlea Curtis, mama ambaye asingemruhusu mtu atoke mlangoni kwake bila kumuuliza mpaka mara ya tatu. Hakusahau. Alilipima swali lile kama mtu anavyopima mbegu, akatumia kiasi kilichomtosha.

Nyongo ilimpanda Avis mpaka akaionja. Haikuwa kwa ajili ya Orrin peke yake. Aliwakumbuka watu wa reli walipokuja na suti zao, akiwa msichana, wakauliza katika ukumbi huu huu kama kuna mwenye neno treni ikiacha kusimama Sorby, na baba yake mwenyewe, Selmer, akasema hapana, nadhani mnajua kazi yenu. Akaikumbuka shule ya Viken, iliyofungwa vivyo hivyo. Akakumbuka hospitali ilipoifunga wodi ya uzazi, mkurugenzi akauliza, wanawake wote wakasema tutaweza, na mwaka uliofuata mtoto wa kina Fettig akazaliwa kwenye gari, kando ya barabara kuu, kwenye upepo. Kaunti nzima ilikuwa imegawiwa hivyo, kipande baada ya kipande, na watu waliosema ah, hapana, msijisumbue. Watu wa mbali hawakuijua desturi yao, hao unaweza kuwasamehe. Huyu alikuwa wa nyumbani.

Aligundua kwamba amesimama.

"Mwulize tena," alisema.

Vichwa viligeuka. Orrin alitabasamu. "Avis, wewe ni mfanyakazi wa kaunti. Huu ni wakati wa wakazi wa Viken."

"Nilizaliwa Viken."

"Hatupigi kura tulikozaliwa, shemeji. Tungefanya hivyo, nusu ya Minneapolis ingekuwa humu ndani."

Watu walicheka kidogo, kwa shukrani, wakidhani imekwisha. Avis alingoja wamalize.

"Umemuuliza mara moja," alisema. Sauti yake ilitoka nzito, ngeni masikioni mwake. "Mtu ukimkaribisha keki unamuuliza mara tatu. Mbwa wa Palmer alipokufa ulimuuliza mara tatu kama anataka mtoto wa mbwa wako, nilikuwepo. Leo unamuuliza kuhusu nyumba yake, na mara moja imekutosha. Usiniambie hukujua. Sote humu tunajua, na sote tumekaa hapa kama magunia."

Bi Lavonne wa kanisani alishika mfuniko wa birika kana kwamba lingeruka.

"Mkutano una utaratibu wake," alisema Orrin. Tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Basi nitamuuliza mimi." Akamgeukia mzee. "Palmer, unaitaka barabara yako?"

Palmer alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo. "Usijitie taabuni, msichana wa Selmer," alinong'ona. "Mpwa wangu anasema kuna chumba."

"Sikukuuliza habari ya chumba. Nakuuliza tena. Unataka kubaki kwako?"

Dirisha lilitikiswa na upepo. Avis hakumwonea huruma, alimkasirikia, alitamani kumshika koti amtikise mpaka neno lidondoke. Huyu mzee angeweza kuketi chini sasa hivi, akaenda kufia kwenye chumba cha televisheni kwa sababu ya adabu, na wao wote wangempikia chakula cha msiba na kusema alikuwa mtu mwema, hakuwahi kumsumbua mtu.

"Basi," alisema Palmer, akiiambia kofia yake. "Kama si taabu kwa mtu. Ningependa kubaki."

Renae Schatz alisema hapo hapo kwamba yeye anapinga kufunga, na kwamba ng'ombe wake wanamngoja. Orrin alisema anaunga mkono. Akabaki Milo Fettig, ambaye maisha yake yote alikubaliana na mtu aliyesema mwisho. Milo alilitazama dirisha, akamtazama Orrin aliyekodi mashamba yake pia, akazitazama nywele za utosini mwa mjukuu wake aliyekaa mstari wa tatu toka nyuma, yule aliyezaliwa garini.

"Napinga," alisema kwa sauti ndogo, akafuta paji la uso.

Barabara ikabaki. Ungedhani kungekuwa na furaha. Kina mama walifunua keki na watu wakapanga mstari, wakazungumzia bei ya soya na goti la mchungaji. Avis alipochukua kikombe chake nafasi iliachwa pande zake zote mbili, nafasi ya adabu, kama wanavyomwachia mtu mwenye mafua. Bi Lavonne alimsogelea, akamgusa kiwiko.

"Ulikuwa na haki, mpenzi. Ila maneno yalikuwa makali kidogo."

"Yalikuwa laini, Lavonne. Makali nimebaki nayo."

Bi Lavonne alirudi kwenye birika. Na pale mlangoni Avis alimwona Palmer Ostby akimpa Orrin mkono. Alikuwa anamwomba radhi. Alimsikia kabisa akisema samahani kwa usumbufu, na Orrin akisema usijali, mzee, hakuna ubaya, na wote wawili wakatazama mawingu na kukubaliana kwamba huenda theluji itawahi mwaka huu. Avis aliweka kikombe chini bila kukimaliza, akatoka.

Kesho yake asubuhi hakungoja Darrel ampangie. Alilitoa greda bandani, akaelekea kaskazini. Ardhi ilikuwa bado haijaganda, na barabara ikisawazishwa kabla ya baridi kali inakaa vizuri mpaka Machi. Alipita makaburi ya Viken, akapita kichaka cha mama yake, kikiwa kimepukutika. Alipoikata kona ya mwisho kwenda kwa Palmer, alikanyaga breki.

Barabara ilikuwa imeliwa. Kwa sheria, barabara ya tarafa ni pana kuliko changarawe yake, na mitaro ya pande zote pamoja na majani yake ni mali ya umma, kwani ndiko theluji inakosukumwa. Mitaro haikuwapo tena. Orrin alikuwa ameijaza udongo, akailima, akaipanda ngano ya majira ya baridi, ambayo ilikuwa imeshaota, kijani kibichi, mistari iliyonyooka kama kitana, mpaka juu ya changarawe yenyewe. Ilibaki njia ya gari moja dogo. Ngano ya kimo kile ilipandwa kabla ya Septemba kwisha. Alipoapa kwa kaburi la Curtis alikuwa anaitia grisi mashine ya kufanyia kazi hii.

Palmer alikuwa amesimama kwenye sanduku lake la barua. Avis alizima injini, akashuka.

"Uliiona hii?"

"Niliiona."

"Jana ulipita hapa kwenda mkutanoni. Umepita hapa kila wiki."

"Nimepita."

"Na hukumwambia mtu."

Palmer alikuna shingo. "Ilikuwa imeota vizuri," alisema. "Nikaona ni hasara kuiharibu."

Avis alimtazama yule mzee aliyempigania, uso wake safi ulionyolewa, macho yake ya samawati yasiyo na hila, na kwa mara ya kwanza alimwelewa Orrin, kwamba kuwaibia watu hawa kulikuwa rahisi kama kuokota. Alipanda greda, akaliwasha, akateremsha kisu chake kipana cha kukwangulia barabara mpaka kikagonga udongo.

Ngano ilitoka kama blanketi refu, mizizi juu, ikajikunja mbele ya kisu. Udongo chini yake ulikuwa mweusi na wenye harufu nzuri, na yeye, binti wa mkulima na mjane wa mkulima, hakuwahi maishani mwake kuharibu kitu kilichoota. Aliendelea. Alikuwa ameshafika nusu ya upande wa mashariki alipoliona gari la Orrin likija kwa kasi, vumbi nyuma yake kama mkia. Orrin alilisimamisha mbele ya greda, akashuka bila kofia.

"Zima hiyo!"

Hakuzima. Alifungua mlango tu ili amsikie.

"Hiyo ni ngano yangu, Avis."

"Hii ni barabara ya kaunti. Mmepiga kura jana."

"Mimi ni mwenyekiti wako. Nikimpigia Darrel simu, leo jioni huna kazi."

"Mpigie. Tafuta dereva mwingine Hadland, nione utampata wapi."

Orrin alitazama ule ukanda mweusi nyuma ya greda, kisha akamtazama yeye, na sauti yake ikashuka, ikawa ya nyumbani. "Shemeji. Wewe na mimi ni damu moja, kwa sababu ya Curtis. Nakulimia shamba lako. Unataka tufike huko? Nani mwingine atalilima?"

Hilo lilikuwa swali la kweli. Hakukuwa na mwingine. Wangeweza kusimama juu ya kiti cha greda wakatazama mpaka upeo wa macho, wasione moshi wa jiko la mtu mwingine wa kumuuliza.

"Liache," alisema Avis. "Liote magugu. Ondoa gari."

"Avis."

"Ondoa gari, Orrin, au nilisukumie mtaroni nikishauchimba."

Orrin alirudi garini, akarudi nyuma kinyumenyume njia nzima hadi kona, kwa kuwa mahali pa kugeuzia alikuwa amepapanda ngano.

Palmer alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Avis alifikiri hasira ingepungua sasa, kama inavyopungua homa jasho likitoka. Haikupungua. Alifika mwisho wa upande wa mashariki, akainua kisu, akageuza greda polepole kwenye nafasi finyu ile, na kukiteremsha tena upande wa magharibi, ambako ngano ilikuwa nzito zaidi.